Krismasi ya watu 18, oveni moja: chakula gani kinakubali kulala?

Mama Pacha (Umoja), 10 Desemba, saa 3:40 usiku

Habari zenu wapendwa. Naomba tulizungumze hili mapema, kabla Marikiti haijajaa na nyanya hazijapanda bei.

Karibu miaka yote sisi hufunga nyumba tarehe 22 tukapanda matatu kwenda Murang'a. Mwaka huu wazee wamesema wao ndio watakuja, kwa sababu baba anahudhuria kliniki hapa mjini hadi Januari. Nimehesabu vichwa: watu wazima 11, watoto 7. Nina jiko la gesi la meko manne lenye oveni chini yake, friji ya kawaida, na mtungi wa kilo 13.

Shida yangu si kupika. Mwaka juzi tulikuwa na wageni hapa hapa. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikakaanga, nikachemsha, nikasukuma chapati, na nilipovua aproni saa kumi jioni, mama mkwe alikuwa anaaga. Alikuwa ametoka Nyahururu. Nilimpa mkono mlangoni, unga bado uko kwenye vidole. Agosti iliyofuata akafariki. Tangu hapo nimeapa kwamba sherehe nyingine ikifanyika kwangu, na mimi nitaketi.

Kwa hiyo natafuta vyakula vya trei. Unapanga tabaka kwa tabaka jioni ya tarehe 24, unafunika, unaweka kwenye friji, na kesho yake ukitoka kanisani unawasha oveni na kwenda kukaa na watu. Kwenye vitabu vya mapishi wanaita kaseroli. Makaroni ya nyama nimeyajaribu mara mbili: ya kwanza yalitoka makavu, ya pili yakaogelea kwenye maji. Wenye uzoefu, kipi kinalala usiku mmoja na kuamka kitamu, na kipi hakikubali?

Mpishi wa Zamu, 10 Desemba, saa 5:15 usiku

Mama Pacha, pole sana kwa mama mkwe. Mimi ni mpishi wa hoteli, na ukiona bufee ya watu 200 imepangwa saa sita mchana, jua karibu kila kitu kilianza jana.

Tuanze na makaroni yako. Makaroni hayalali kabisa; usiku kucha yanakunywa. Ukiyaivisha sawasawa kisha ukayalaza ndani ya sosi, asubuhi sosi yote imeingia ndani yake, na hayo ndiyo makavu uliyopata mara ya kwanza. Yachemshe pungufu ya dakika tatu hivi. Ila usifuate dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo kila kitu cha kuchemsha huchukua muda zaidi kuliko walivyopima wao. Toa moja, ikate: ukiona kitone cheupe katikati, mwaga maji.

Sosi nyeupe iwe nyepesi kuliko unavyodhani. Kwa pakiti mbili za gramu 400, mimi hutumia gramu 100 za siagi, gramu 100 za unga wa ngano na lita moja na nusu ya maziwa. Ikiwa ya moto inafanana na uji wa kunywa, na unaweza kuingiwa na wasiwasi kwamba umekosea. Hujakosea. Ikipoa itashika.

Yale maji ya mara ya pili nadhani yalitoka kwenye nyama. Nyama ya kusaga ikaange kwanza peke yake mpaka maji yake yote yakauke na usikie inaanza kulia kwenye sufuria. Nyanya nazo zipike mpaka mafuta yapande juu. Kilo moja na nusu ya nyama inatosha trei mbili. Halafu, na hapa ndipo wengi hukosea, kila kitu kipoe kabla ya kupanga. Ukipanga vya moto na kufunika, mvuke unageuka maji chini ya foili na kushuka kwenye chakula.

Siku yenyewe toa trei kwenye friji nusu saa kabla. Kama ni ya kioo, usiitoe baridi na kuitumbukiza kwenye oveni ya moto, inaweza kupasuka vipande viwili na chakula chote kikaenda. Nyuzi 180, dakika 35 ikiwa imefunikwa, kisha ondoa foili, nyunyiza jibini, dakika 15 hadi 20 zaidi. Oveni za gesi huunguza upande mmoja, kwa hiyo izungushe trei katikati ya safari.

Baba Watatu, 11 Desemba, saa 1:05 asubuhi

Nawaheshimu wote mlioandika, lakini nitasema ninachoamini. Krismasi ni mbuzi na chapati. Watoto wangu nataka wakumbuke harufu ya nyama kwenye makaa, si makaroni.

Mama Pacha, 11 Desemba, saa 2:30 asubuhi

Kaka, mbuzi yupo, na mashemeji wangu wawili ndio watakaomsimamia. Sina ugomvi na nyama choma. Ila angalia jambo moja: nyama choma inataka mtu asimame kando ya makaa saa mbili, na hapo kando ya makaa ndipo mazungumzo yote ya wanaume hufanyika. Anayechoma anapika huku yuko na watu. Sisi wa jikoni tunapika tukiwa peke yetu, mlango umefungwa ili moshi wa vitunguu usifike sebuleni. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka kuimaliza.

Chapati nazo nitazisukuma, lakini unga nitaukanda jioni ya tarehe 24.

Mpishi wa Zamu, 11 Desemba, saa 2:50 asubuhi

Unga uliolala hulainika vizuri zaidi. Upake mafuta, ufunike usiote ngozi, uweke kwenye friji, na uutoe saa moja kabla ya kusukuma. Ukiwa baridi utajivuta kurudi kila ukiusukuma.

Binti wa Pwani (South B), 11 Desemba, saa 7:20 mchana

Hamjambo nyote. Mimi sisherehekei Krismasi, lakini majirani zangu hunialika kila mwaka nami nawaalika Idi, na kwenye sherehe zote mbili ninapeleka biriani. Dada, kama unatafuta chakula kinachokubali kulala, usiende mbali. Rojo la biriani likiliwa siku ile ile huwa viungo bado vinasikika kimoja kimoja. Likilala, vinakuwa kitu kimoja.

Ninavyofanya kwa watu kama 18: siku mbili kabla nakaanga vitunguu kilo mbili, vyembamba, mpaka viwe rangi ya asali iliyokolea. Nivitoe kabla havijafika rangi ninayotaka maana vinaendelea kuiva nje ya mafuta. Navitandaza kwenye karatasi, vikipoa vinaalika mkononi. Naviweka kwenye kopo lenye kifuniko, wala havihitaji friji.

Siku moja kabla napika rojo. Nyama kilo tatu, mtindi nusu lita, thomu, tangawizi, bizari, mdalasini, iliki, nyanya za kusaga na nyanya ya kopo, na nusu ya vile vitunguu nimevivunjavunja ndani. Nyama ikiwa ngumu napaka papai bichi lililosagwa, kijiko kimoja cha chakula, saa moja tu. Papai usililaze na nyama usiku kucha, asubuhi utakuta nyama imekuwa uji. Viazi nakaanga vizima na kuvitia mwisho.

Wali haulali. Wali ni wa siku yenyewe, na pishori ya Mwea haikuchukui hata nusu saa. Uchemshe kwenye maji mengi ya chumvi mpaka uive robo tatu, uchuje. Wakati huo rojo umeshalipasha kwenye sufuria mpaka linatokota. Limimine kwenye trei, tandaza wali juu, nyunyiza vile vitunguu vilivyobaki na zafarani iliyorowekwa kwenye maziwa ya vuguvugu, funika kwa foili ishike pande zote, tia oveni nyuzi 160 kwa dakika 25. Ukifungua mbele ya wageni, harufu peke yake inawainua kwenye viti.

Nesi wa Usiku, 11 Desemba, saa 1:45 jioni

Nimefurahi Binti wa Pwani amesema wali usilale, na ninaomba niongeze sababu, kwa sababu kila baada ya sikukuu tunapokea familia nzima zinazotapika.

Mchele mbichi una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa mezani ukiwa vuguvugu, mbegu zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto tena mpaka ufuke mvuke. Mtu huona wali hauna harufu mbaya akadhani uko salama.

Kwa vyakula vingine vyote, hatari iko kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Chakula kipite hapo haraka. Ndani ya saa mbili tangu kitoke jikoni kiwe kwenye friji, na friji iwe nyuzi 4 au chini yake. Sufuria kubwa ya mchuzi iliyofunikwa haiwezi kupoa ndani ya saa mbili, inakaa na uvuguvugu wake mpaka usiku wa manane. Gawanya kwenye vyombo vipana visivyo na kina, kimo cha vidole vitatu. Trei zenu zinafaa kabisa kwa hilo. Unaweza pia kukalisha sufuria kwenye beseni la maji baridi na kukoroga.

Wakati wa kupasha, katikati ndiko kuna mashaka, kwa sababu pembeni hutangulia. Kipimo ni nyuzi 74 katikati ya trei. Usipokuwa na kipimajoto, chomeka kisu katikati, hesabu hadi kumi, kiguse kwa upande wa mkono: kiwe cha moto sana, si cha uvuguvugu.

Wageni wakimaliza kula, usiache trei mezani mpaka jioni ili "atakayetaka aongeze". Rudisha kwenye friji.

Msabato wa Kawangware, 12 Desemba, saa 4:10 asubuhi

Heri ya Jamhuri. Dada Mama Pacha, unachokitafuta mara moja kwa mwaka sisi tunakifanya kila wiki. Ijumaa ni siku ya maandalio. Jua likitua jikoni kunakuwa kimya, na Jumamosi tukitoka ibadani chakula kinapashwa tu. Mama yangu amefanya hivyo huko Kisii tangu nikiwa mtoto, na mimi nimelea wanangu wanne kwa mpango huo huo.

Kwa hiyo nitasema tofauti kidogo na Mpishi wa Zamu. Yeye anapanga mbichi na kuoka kesho yake. Mimi naoka kabisa Ijumaa, naacha dakika kumi za mwisho tu. Sababu ni kwamba trei iliyopangwa baridi inachukua saa nzima kuiva, na wageni wenye njaa hawangoji saa nzima kwa utulivu. Iliyokwisha kuokwa inapashwa kwa dakika 30.

Kwetu chakula kinacholala vizuri kuliko vyote ni kamande na biringanya. Kamande kilo moja ichemshe iive lakini isivunjike, ikaange na kitunguu, nyanya, karoti iliyokunwa na dania. Biringanya sita kubwa zikate vipande vya unene wa kidole, zinyunyize chumvi, zikae nusu saa zitoe maji yake, zifute, zipake mafuta kidogo na uzichome kwenye kikaango pande zote mbili. Usiruke kuzitoa maji. Biringanya yenye maji huharibu trei yote usiku. Panga biringanya, kamande, biringanya, kamande, kisha viazi vilivyochemshwa na kukatwa visahani, kisha sosi nyeupe. Hakuna nyama humo, na bado wageni wangu wasio Wasabato huuliza ni nyama gani.

Jambo lingine dogo: foili isiguse nyanya. Asidi ya nyanya huila usiku kucha, asubuhi unakuta vitundu na vipande vyeusi juu ya chakula. Weka karatasi ya kuokea katikati.

Mpishi wa Zamu, 12 Desemba, saa 5:00 asubuhi

Nakubaliana nawe kwa kamande, kwa nyama ya mchuzi, kwa chochote chenye rojo. Kwa makaroni na chochote chenye jibini juu, sikubaliani. Jibini lililookwa jana na kupashwa leo linatoa mafuta na kuwa kama mpira. Kwa hiyo, Mama Pacha: chenye rojo oka kabisa, chenye maziwa na jibini panga tu. Lakini nyama iwe imeiva kabisa kabla ya kupangwa, hilo halina mjadala.

Shosho wa Dagoretti, 12 Desemba, saa 10:30 jioni

Mwanangu Mama Pacha, mjukuu wangu ndiye ananiandikia haya. Naona mmetaja makaroni, biriani na kamande, na mzee wako anatoka Murang'a. Mukimo uko wapi?

Mukimo watu husema haulali. Unalala. Unachacha kwa sababu tunauponda ukiwa wa moto, tunaulundika kwenye sufuria na kuufunika, basi ndani unakaa na joto usiku kucha. Uponde, utandaze kwenye sinia upoe, ndipo uuweke.

Viazi chukua Shangi, vinaiva haraka na kupondeka bila mabonge. Mahindi mabichi na minji zichemshwe mbali, kwa sababu mahindi yatachukua muda wake. Majani ya malenge yachemshe dakika chache tu bila kifuniko na uyatumbukize kwenye maji baridi, ndipo uyasage. Ukifanya hivyo kesho yake mukimo bado ni kijani cha shambani. Ukiyapika na viazi mpaka mwisho, kesho utakuwa rangi ya nyasi kavu. Kaanga kitunguu kwa siagi na utie wakati wa kuponda. Mafuta hayo ndiyo yanayozuia usikauke.

Binti yangu alinifundisha kuufanya wa oveni, na mwanzoni nilikataa. Sasa ndio ninaopenda. Chini ya trei unaweka nyama ya ng'ombe iliyopikwa ikalainika, mchuzi wake umekauka ukawa mzito. Juu unatandaza mukimo kimo cha vidole viwili, unachora mistari kwa uma, unapaka siagi iliyoyeyushwa. Ukilala kwenye friji, kesho oveni nyuzi 180, dakika 50. Ile mistari inakuwa na ukoko, na wazee hugombania ukoko.

Mama Pacha, 12 Desemba, saa 2:00 usiku

Shosho, nimesoma nikamsomea mume wangu kwa sauti. Asante sana. Mukimo wa trei umeingia kwenye orodha ya kwanza, na ukoko ni wa baba.

Kijana wa Kahawa West, 13 Desemba, saa 3:15 usiku

Wakubwa shikamooni. Mimi nakaa bedsita, nina meko ya kilo 6 na jiko la makaa, sina oveni. Ndugu zangu wawili wanakuja kwangu mara ya kwanza tangu nianze kazi na ninataka wale kitu cha maana. Nimeachwa nje ya uzi huu?

Shosho wa Dagoretti, 13 Desemba, saa 3:50 usiku

Marahaba mwanangu. Oveni imekuja juzi. Sisi tulioka keki za harusi kwenye sufuria.

Tafuta sufuria kubwa nzito yenye kifuniko cha bati kilicho bapa. Ndani weka mawe matatu madogo makavu, juu ya mawe weka trei ndogo au sufuria ndogo isiyo na mikono. Funika. Makaa chini yawe machache, theluthi moja, na juu ya kifuniko yawe mengi, theluthi mbili, kwa sababu moto wa chini hupanda wenyewe. Iache ipate moto dakika kumi kabla ya kuingiza chakula. Usifungue fungue.

Nesi wa Usiku, 13 Desemba, saa 4:20 usiku

Kijana, ninakuomba kwa moyo wote, jiko hilo likae nje au kwenye kibaraza. Usiliingize bedsita hata kama kuna baridi na hata makaa yakionekana yamekufa. Hewa inayotoka kwenye makaa haina rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke.

Mpishi wa Zamu, 14 Desemba, saa 12:40 asubuhi

Kama makaa hayawezekani, tumia meko ya gesi kwa moto mdogo kabisa, na mawe yale yale ya Shosho. Chakula kitaiva ila juu hakitapata rangi. Kwa hiyo chukua mkate mkavu, uvunjevunje, ukaange kwa siagi na kitunguu saumu mpaka ukauke na kualika, na uutawanye juu wakati wa kuandaa. Ndugu zako hawatajua haikuwa oveni.

Ukienda Kamukunji kutafuta trei, uliza kama bati limepakwa zinki. La zinki usipikie nyanya wala maziwa lala, asidi huiyeyusha. Chukua alumini nzito.

Dada wa Pangani, 15 Desemba, saa 6:30 mchana

Kwa kifungua kinywa cha tarehe 25 hakuna kinachoshinda trei ya mkate. Mkate mmoja wa gramu 400, wa jana au juzi, ukate vipande. Mayai 8, maziwa mililita 700, chumvi, pilipili manga. Soseji sita zilizokaangwa na kukatwa, hoho, kitunguu, jibini kidogo. Panga mkate na vile vingine, mwagia mayai na maziwa, gandamiza kwa mkono mpaka mkate uzame, funika, friji. Maziwa ya ATM, yale ya mashine ya dukani, yachemshe kwanza na yapoe.

Huu mkate unapenda kulala kuliko chakula chochote kilichotajwa hapa. Ukiuoka papo hapo katikati kunabaki kukavu. Ukilala umekunywa kila tone, na asubuhi, nyuzi 180, dakika 45 hadi 50, unafura kama keki. Watoto wanakula wakiwa na nguo za kulala, nawe unavaa kwenda kanisani.

Baba Watatu, 16 Desemba, saa 3:00 asubuhi

Nimeufuata uzi huu siku tano. Mke wangu ameniomba niulize: stima ikipotea usiku wa tarehe 24?

Nesi wa Usiku, 16 Desemba, saa 3:25 asubuhi

Friji ikikaa bila kufunguliwa, chakula kiko salama kwa saa nne hivi. Friza iliyojaa inashika hadi saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kwa hiyo gandisheni chupa za maji tangu sasa. Stima ikienda, zihamishieni kwenye friji juu ya trei, na waambieni watoto mlango usifunguliwe. Zikipita saa nne bila stima na bila barafu, vyenye nyama na maziwa vitupwe. Inauma, lakini vitupwe.

Mama Pacha, 22 Desemba, saa 4:00 usiku

Nimepanga hivi, nisahihisheni. Leo vitunguu vya biriani. Kesho nyama ya chini ya mukimo na nyama ya makaroni, vyote vipoe na kulala kwenye vyombo vipana. Tarehe 24 asubuhi rojo, mchana mukimo, jioni kupanga trei, kukanda unga wa chapati na kuloweka mkate wa Dada wa Pangani. Kachumbari itakatwa dakika ya mwisho na chumvi itiwe mezani, ikilala inakuwa supu.

Oveni inachukua trei mbili. Mukimo na makaroni vitaingia saa saba na robo, vitoke saa nane na dakika tano, viingie kwenye blanketi, na biriani iingie mahali pake.

Msabato wa Kawangware, 22 Desemba, saa 4:30 usiku

Umepanga vizuri. Andika saa hizo kwenye karatasi na uibandike kwenye friji, mtu mwingine aweze kuzisoma. La sivyo kila mtu atakuita wewe.

Mama Pacha, 27 Desemba, saa 2:15 usiku

Wapendwa, nimerudi.

Mkate wa Dada wa Pangani uliisha kabla sijafunga zipu ya gauni. Makaroni yalikuwa na unyevu wake, ila nimejifunza kwamba trei ya pili, iliyokaa chini, ilitaka dakika kumi zaidi. Nilichomeka kisu na kikatoka vuguvugu, nikairudisha. Biriani, shemeji mmoja aliacha kuchoma mbuzi akaja kuuliza kuna nini humu ndani. Stima haikupotea. Karatasi ya saa aliisoma binti yangu wa miaka 12, na yeye ndiye aliyezungusha trei na kuondoa foili. Mimi niliingia jikoni mara nne, nimezihesabu.

Kuanzia saa saba nilikaa karibu na baba. Alinieleza jinsi alivyokuja Nairobi mara ya kwanza, akiwa na gunia la viazi vya kuuza, na akalala kwenye stendi ya mabasi ya Machakos Country Bus siku mbili kwa kukosa nauli. Miaka yangu yote 41 sijawahi kusikia hadithi hiyo. Mama alikuwa anacheka na kumsahihisha. Saa kumi jioni walikuwa bado wanaongea, na hakuna aliyeaga.

Shosho, ukoko wa mukimo baba alipewa wote, kona zote nne za trei.

Kijana wa Kahawa West, 27 Desemba, saa 3:00 usiku

Mimi nilifanya mukimo na nyama kwenye sufuria na mawe matatu, kwenye kibaraza. Chini kulishika kidogo, juu kukawa sawa kabisa. Kaka yangu mkubwa amekwangua sufuria kwa kijiko. Shosho, mawe nimeyaosha nimeyaweka.

Shosho wa Dagoretti, 28 Desemba, saa 4:10 asubuhi

Yaweke mwanangu. Na mara nyingine weka maji nusu kikombe chini ya mawe, hapatashika.